Vibarua wa ujenzi na msimu wa baridi nchini Malawi

Kuanzia Mei hadi Agosti, Lilongwe, mji ulio zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, hupata baridi inayomshangaza mtu aliyezoea joto la Uvira au Bujumbura. Usiku wa Julai joto huweza kushuka chini ya nyuzi 10. Ndiyo pia miezi isiyo na mvua, wakati ujenzi unapopamba moto na wakazi wa Dzaleka, makazi ya wakimbizi yaliyofunguliwa mwaka 1994 wilayani Dowa, hutafuta vibarua.

Theluji haipo, hatari ni umande. Asubuhi mbao za jukwaa huteleza, na mikono iliyokufa ganzi haishiki ngazi barabara. Ni heri kuanza na kazi za chini, kisha kupanda jua likishakausha mbao. Zege nayo hukawia kukomaa, hivyo nguzo zinazoishikilia zisiondolewe mapema.

Baya zaidi ni jiko la mkaa. Wanaolala eneo la ujenzi huliingiza chumbani na kufunga mlango. Gesi ya kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na humuua mtu usingizini. Jiko libaki nje. Anayeumwa kichwa au kuhisi kizunguzungu atoke mara moja.

Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 humbebesha mwajiri dhima ya aliyeumia kazini. Hata hivyo, mkimbizi asiye na kibali cha kazi huenda akaogopa kudai. Jina la msimamizi, mahali na tarehe viandikwe siku ileile, na cheti cha hospitali kitunzwe.