Kifungo cha Miaka 30: Kilitoka Wapi?

Tuliulizwa hivi: mbona mtu akitiwa hatiani kwa kubaka hakimu humfunga miaka 30, wala hana ruhusa ya kupunguza hata siku moja?

Mwaka 1930 Waingereza walitunga Kanuni ya Adhabu ya Tanganyika. Kwa kosa la kubaka, kanuni iliweka mpaka wa juu, yaani kifungo cha maisha. Wa chini haikuweka. Hakimu alipima mwenyewe. Je, ni kosa la kwanza? Amekiri? Amekaa mahabusu muda gani? Basi kosa la namna moja liliweza kupata miaka mingi kwa hakimu huyu na michache kwa yule. Uhuru ukaja mwaka 1961, na mpaka wa chini haukuwekwa.

Katika miaka ya 1990 wanawake walipaza sauti, TAMWA, chama cha waandishi wa habari wanawake, kikiwa mbele. Bunge likapitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, Namba 4 ya 1998. Tangu hapo adhabu haipungui miaka 30, na mtoto akiwa chini ya miaka 10, ni maisha. Binti asiyetimiza miaka 18 akisema alikubali, kukubali kwake si kitu. Lakini sheria ilimtoa mke aliyetimiza miaka 15, na hapo mimi naona wavu una tundu. Mvulana wa miaka 18 au chini yake, kosa likiwa la kwanza, iliandikwa achapwe viboko tu.

Sasa angalia jambo ambalo wengi hawalioni. Adhabu ikishafungwa hivi, kazi ya hakimu huhamia kwenye ushahidi. Mwaka 2006, katika kesi ya Selemani Makumba, Mahakama ya Rufani ilisema ushahidi ulio bora hutoka kwa aliyetendewa mwenyewe. Neno lake peke yake laweza kutosha, akiaminiwa. Lakini umri nao lazima uthibitishwe: mama aseme, au cheti cha kuzaliwa kionyeshwe. Tena, aliyemjua mtu na akachelewa kumtaja hutiliwa shaka.

Kwa hiyo wazee wanaokaa barazani wakapatana fedha au mikorosho "tusiaibishane" wanaharibu zaidi ya wanavyodhani. Siku zikipita, daktari hana la kuona, na mtoto ameshafundishwa kunyamaza. Baada ya miezi mama akienda polisi, wakili atamwuliza: ulikuwa wapi? Na asiye na hatia naye huumia, maana uvumi wa barazani hauna mtu wa kuupima.

Mama, baba: nenda polisi siku ileile, uombe fomu PF3, mtoto apelekwe hospitali kabla ya kuogeshwa. Kesi hii haisikilizwi Mahakama ya Mwanzo. Huenda Mahakama ya Wilaya, Kilwa Masoko.

Juma lijalo tutasoma habari za rufani, kutoka Masoko hadi Mahakama Kuu, Mtwara.