Sikukuu Kabla ya Mavuno: Deni, Noheli na Kalenda ya Rwanda

Ukipita katika kituo cha mabasi cha Nyabugogo, hapa Kigali, katika juma la mwisho kabla ya tarehe 25 Desemba, utawaona akina mama wenye watoto mgongoni na mifuko ya mchele mikononi, vijana wakisubiri basi la Musanze, Huye au Rusizi, na wazee waliokumbatia viatu vipya vya wajukuu. Karibu kila mmoja anarudi kijijini, na kila mmoja anajua ya kuwa haifai kufika mikono mitupu. Kisichoonekana kwa macho ni madeni wanayosafiri nayo: mkopo wa nyumba, mkopo wa pikipiki, mkopo wa karo. Marejesho ya mikopo hiyo hayajui sikukuu.

Mimi nami nimo katika msafara huo. Kwa miaka kadhaa sasa, sehemu ya mshahara wangu wa ualimu hukatwa kila mwezi kabla haujanifikia, kwa ajili ya mkopo wa kujengea nyumba. Mwaka wa kwanza wa mkopo ule niliiadhimisha Noheli kana kwamba sidaiwi na mtu. Nilinunua mbuzi, nguo za watoto, soda na zawadi za wakwe. Mama yangu mzazi alimtazama mbuzi yule, kisha akaniuliza taratibu: "Mwanangu, huyu ni wako au ni wa mtu?" Nilicheka, lakini sikumjibu. Januari ilipofika nilikopa tena ili nilipe karo na nauli ya kwendea kazini, na deni lile la siku moja likaniandama hadi Juni.

Tangu hapo nimejiuliza: kwa nini sikukuu hii hutukuta wengi wetu mikono mitupu? Je, ni ubadhirifu tu? Historia ya nchi hii imenipa jibu ambalo ningependa kukushirikisha, wewe unayejifunza Kiswahili.

Kwanza tuyaweke maneno mahali pake. Mkopo ni mali unayoipokea kwa ahadi ya kuirudisha. Deni ni wajibu unaobaki nao baada ya kupokea. Anayekopesha ni mdai, na anayedaiwa ni mdaiwa au mdeni. Riba ni nyongeza anayolipwa mdai, na rehani ni mali inayowekwa iwe dhamana. Waswahili wana methali mbili kuhusu jambo hili, nazo zinakamilishana. Ya kwanza yasema, "Dawa ya deni ni kulipa." Ya pili yaonya, "Kukopa harusi, kulipa matanga." Siku ya kupokea fedha watu hushangilia kama walio arusini, siku ya kuzirudisha, nyuso huwa za msibani.

Sasa turudi nyuma. Kabla ya ukoloni, sikukuu kubwa ya Rwanda ilikuwa Umuganura, yaani sikukuu ya mazao mapya. Mtama na ulezi vilipokwisha kuvunwa, malimbuko yalipelekwa kwa mwami, naye alionja kabla ya wengine kwa taratibu zilizotunzwa na waganuzi wa jadi walioitwa abiru. Nyumba kwa nyumba, familia nazo zilikaa pamoja zikala mazao ya mwaka huo. Zingatia mpangilio wake: jembe kwanza, mavuno yakafuata, ghala likajaa, na karamu ikaja mwisho. Aliyekuwa na kingi alitoa kingi, na aliyepata kidogo alikirimiwa na jirani. Karamu ilipimwa kwa kile kilichokuwa ghalani.

Mwaka 1925 utawala wa Wabelgiji uliizuia sikukuu hiyo, na Gashamura, aliyekuwa mkuu wa abiru, akahamishiwa Burundi. Wakati huohuo Ukristo ulikuwa ukienea. Wamisionari wa Afrika, wanaojulikana pia kama Mapadri Weupe, walikuwa wamefungua misheni yao ya kwanza huko Save mwaka 1900. Katika miaka ya 1930 watu walibatizwa kwa makundi makubwa, na mwaka 1943 Mwami Mutara III Rudahigwa mwenyewe akabatizwa. Noheli, neno lililotoka kwa Kifaransa na ambalo Waswahili wa pwani hulisema Krismasi, ikawa sikukuu ya familia nzima, na hadi leo inapendwa na wengi.

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Noheli ilikuja na tarehe yake, na tarehe hiyo haikupangwa kwa mashamba ya Rwanda. Mkulima wetu huanza kupanda mazao ya msimu wa kwanza mnamo Septemba. Ifikapo tarehe 25 Desemba, maharage na mahindi mengi yangali shambani au ndiyo kwanza yanaanza kukomaa. Mavuno huendelea hadi Januari na Februari. Basi sikukuu inayodai matumizi makubwa kuliko zote huangukia wakati ambapo ghala limekaribia kuwa tupu. Umuganura ulikuwa karamu ya kilichokwisha kuvunwa. Noheli, kwa kalenda yake, ni karamu ya kitakachovunwa baadaye.

Mjini Kigali hatulimi, lakini tumeurithi mpangilio huohuo. Mshahara wa Desemba huliwa Desemba, na wa Januari nao hukopwa kabla haujaja. Halafu muhula wa pili wa shule huanza Januari, na kodi ya nyumba haingoji. Kwa hiyo, ndugu msomaji, usiharakishe kumwita jirani yako mbadhirifu. Mara nyingi yeye ni mtu aliyewekewa karamu kabla ya mavuno, na ambaye hakujenga ghala la kuziba pengo hilo.

Waweza kuuliza: je, deni lenyewe ni jambo geni lililoletwa na benki? La, hasha. Rwanda ya kale ilijua deni, na pengine deni zito kuliko la leo. Katika mfumo wa ubuhake, bwana aliyeitwa shebuja alimpa mtu ng'ombe wa kumtunza na kumnufaisha, na mpokeaji, yaani umugaragu, alimtumikia bwana huyo kwa kazi na utiifu. Deni hilo halikuwa na hesabu inayokwisha. Liliweza kurithiwa na watoto, na bwana aliweza kuwachukua tena ng'ombe wake. Mwami Rudahigwa aliufuta mfumo huo mwaka 1954. Ukiilinganisha hali hiyo na mkataba wa mkopo wa leo, utaona sifa moja ya mkataba huo ambayo wengi hatuithamini: una tarehe ya mwisho. Deni refu lenye mwisho si utumwa. Linakuwa kifungo pale tunapoliongezea jingine kila Desemba.

Wanyarwanda hawakukaa tu wakingoja mikopo ya mbali. Mwaka 1975, kwa msaada wa Uswisi, benki ya kwanza ya wananchi ilianzishwa Nkamba, katika eneo la Kabarondo, mashariki mwa nchi, nayo ikawa mwanzo wa Banques Populaires. Safari hiyo haikukosa majeraha: mwaka 2006 Benki Kuu ya Rwanda ilizifunga taasisi kadhaa ndogo za fedha zilizoshindwa kujiendesha, na wenye akiba wakaumia. Baada ya hapo vilianzishwa vyama vya akiba na mikopo vya Umurenge SACCO, kimoja katika kila mmojawapo wa mirenge 416 ya nchi. Walimu nao walianzishiwa Umwalimu SACCO. Hivyo mkopo uliokuwa wa wachache ukawafikia wengi, na baada ya miaka michache ukaingia hata ndani ya simu ya mkononi. Hilo ni jema. Lakini mlango uliofunguliwa kwa ajili ya kujenga na kusomesha unapitisha pia mbuzi wa Noheli, na mkopeshaji hana njia ya kutofautisha matofali na soda. Kutofautisha huko ni kazi yako.

Tena uko mlango mwingine, wa gizani. Wapo wakopeshaji wasio na leseni, ambao watu wa Kigali huwaita kwa jina la utani Banki Lamberi. Hawaulizi maswali mengi. Hutaka hundi, karatasi za nyumba au kadi ya gari. Tupige hesabu ya mfano. Mtu amekopa faranga 120,000 kwa ajili ya sikukuu, kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Kila mwezi riba ni faranga 24,000. Akilipa baada ya miezi minne, atatoa faranga 216,000. Mbuzi aliyeliwa siku moja amelipiwa bei inayokaribia ya mbuzi wawili.

Basi ghala tutalijenga wapi? Jibu limo katika taasisi ambayo kila mtaa wa Kigali unaijua: ikimina. Wanachama hukutana kila juma, kila mmoja huweka kiasi walichokubaliana, hukopeshana kwa riba ndogo, na mwishoni mwa mzunguko hugawana akiba na faida. Waswahili wana upatu, ambao ni ndugu yake wa zamani, na Watanzania wana vikoba. Mtindo wa vikundi vyenye sanduku la kufuli tatu, ambavyo leo vimeenea katika nchi nyingi za Afrika, ulianzia Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, kwa kazi ya shirika la CARE pamoja na wanawake wa vijijini. Vikundi vingi hupanga mgawo uangukie Desemba, na sababu yake sasa unaijua. Wanachama wameyasogeza mavuno yaje kabla ya karamu. Ukiweka faranga 2,500 kila juma, baada ya majuma 50 utakuwa na faranga 125,000. Methali yasema, "Haba na haba hujaza kibaba," na hapa kibaba kinajaa kwa tarehe inayojulikana.

Nyumbani kwetu tuliamua hivi. Tulikaa chini mwezi Septemba, mama watoto, mimi na watoto walio wakubwa, tukaandika kwanza marejesho ya mkopo, kisha karo ya Januari, kisha nauli, na mwisho kabisa Noheli. Sikukuu ikapewa kile kilichobaki katika ikimina, wala si zaidi. Mwaka huo hatukuchinja. Tulipika wali na maharage, tukaongeza kuku mmoja, na nguo mpya wakapata wawili ambao zao zilikuwa zimechakaa. Jambo gumu halikuwa chakula. Lilikuwa kumpigia simu mama yangu na kumwambia ukweli. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Njooni mapema, basi. Viazi vipo." Nilitambua kwamba kwa miaka mingi nilikuwa nikikopa ili kuificha hali yangu mbele ya mtu aliyekwisha kuijua.

Na kama deni limekwisha kukulemea, je? Kumbuka kwamba nchi yenyewe iliwahi kusimama mahali hapo. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, Rwanda ilibaki na deni la nje la karibu dola bilioni 1, lililoachwa na utawala uliotangulia. Serikali haikujificha kwa wadai wake. Iliketi nao mezani, ikaonyesha hesabu zake, na mwaka 2005 ikafikia hatua ya kusamehewa sehemu kubwa ya deni chini ya mpango wa nchi maskini zenye madeni makubwa. Mtu binafsi hawezi kutarajia msamaha kama huo, lakini funzo ni lilelile: nenda kwa mdai wako kabla ya tarehe kupita. Omba muda wa marejesho urefushwe, na uombe maandishi. Sheria ya mwaka 2021 ya kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha ipo kwa ajili yako. Uliza riba, ada na adhabu ya kuchelewa kabla hujatia saini. Ukinyamaza, jina lako litaandikwa katika kumbukumbu za wakopaji, na siku utakapohitaji mkopo wa jambo la maana, mlango utakuwa mzito.

Umuganura umerudi. Siku hizi tunauadhimisha Ijumaa ya kwanza ya Agosti, nayo ni siku ya mapumziko ya taifa. Nakusihi usiiache ikapita kama siku ya kulala tu. Kati ya Agosti na Desemba iko miezi minne, muda unaotosha kuanza ghala dogo. Ikaeni siku hiyo na jamaa zenu, mle mlichonacho, kisha mfungue daftari na kuandika Noheli yenu itagharimu kiasi gani na itatoka wapi.

Zoezi la juma hili ni fupi. Andika aya moja kwa Kiswahili sanifu ukieleza jinsi familia yako inavyoitayarisha sikukuu yake kubwa, iwe Noheli, Idi au nyingine. Tumia maneno haya: akiba, riba, mdai, marejesho. Kisha msomee mtu mmoja wa nyumbani kwako, umsikilize atakachosema.