Amol Muzumdar Hakuwa kwa Foleni

Tangu Novemba 2025 hii stori imepita kwa simu yangu mara nyingi mpaka nimechoka kuhesabu. Inaenda hivi: kijana wa miaka 13 alivaa pedi za kriketi akangoja zamu yake, haikufika. Akakua, akangoja kuitwa timu ya taifa, hakuitwa. Mwishowe akashinda Kombe la Dunia kama kocha. Ngoja, zamu yako inakuja! Halafu emoji tatu za moto.

Stori naipenda, ila naona tunaisimulia vibaya sana.

Tuanze na 1988, maana hiyo sehemu ni kweli. Uwanja wa Azad Maidan, Bombay, nusu fainali ya Harris Shield, mashindano ya shule. Kama hujui kriketi: wapigaji wanakuwa wawili uwanjani, na anayefuata anakaa pembeni akiwa amevaa kila kitu, kwa sababu mmoja akitolewa yeye anaingia hapo hapo. Shule ya Shardashram Vidyamandir ndiyo ilikuwa inapiga, na aliyekuwa anafuata ni Amol Muzumdar. Waliokuwa ndani walikuwa Sachin Tendulkar na Vinod Kambli, na hawakutoka. Siku ya kwanza ikaisha, ya pili ikaingia, bado wako tu. Kambli alifika mikimbio 349, Tendulkar 326, na ushirikiano wao ulikuwa 664. Amol na pedi zake, pembeni.

Posti nyingi zikifika hapo zinaruka miaka 35 mpaka ukocha. Mimi nataka kuongelea hiyo iliyorukwa.

India wana mashindano yanaitwa Ranji Trophy, yalianza 1934. Majimbo yanacheza mechi za siku kadhaa. Fikiria kaunti zetu 47 kila moja iwe na timu, wanaume wamevaa nyeupe wanacheza Jumatatu mpaka Alhamisi, na mara nyingi watazamaji ni wachache kuliko wa mechi ya mtaani Jumapili jioni. Bombay, ambayo sasa ni Mumbai, ndiyo wababe wa hayo mashindano. Chukua Gor na Ingwe uwaunganishe, utakuwa karibu.

Mapema 1994 Amol alichezea Bombay mechi yake ya kwanza kabisa ya Ranji, dhidi ya Haryana, pale Faridabad. Alikuwa na miaka 19. Alipiga 260. Wakati huo hakuna mtu popote duniani aliyekuwa amepiga nyingi hivyo kwenye mechi yake ya kwanza ya daraja hilo, na rekodi ilikaa mpaka Desemba 2018. Watu wakaanza kumwita Tendulkar mpya. Shida ni kwamba yule wa zamani alikuwa anamzidi mwaka mmoja na nusu tu, na hakuwa na mpango wa kwenda mahali.

Sasa cheki hesabu. Timu ina watu 11, na nafasi za mpigaji wa aina ya Amol, wa katikati, ni chache. Juni 1996, uwanja wa Lord's, India walijaribu vijana wawili kwenye mechi moja. Sourav Ganguly akapiga 131, Rahul Dravid akapiga 95. Novemba mwaka huo huo akaingia VVS Laxman. Ongeza Tendulkar, wamekuwa wanne, na hawakuwa wapita njia. Ganguly alikaa kwenye kriketi ya Test mpaka 2008, Dravid na Laxman mpaka 2012, Tendulkar mpaka 2013. Amol alistaafu kucheza 2014.

Kama unadhani hao walikuwa majina tu, uliza mzazi wako kuhusu tarehe 20 Machi 2003, Durban. Kenya, nusu fainali ya Kombe la Dunia. Ganguly alitupiga 111 bila kutolewa, Tendulkar 83, India wakafika 270. Steve Tikolo alipambana akapata 56 lakini sisi tuliishia 179. Timu nzima ya Kenya ilishindwa kuwazuia hao wasee alasiri moja. Amol alitakiwa awaondoe kwa takwimu, kutoka viwanja ambavyo hata kamera hazikufika.

Na takwimu alizileta. Mechi 171 za daraja la kwanza, mikimbio 11,167, mara 30 alifika mia au zaidi, wastani 48.13. Kuna kipindi ndiye alikuwa na mikimbio mingi kuliko mtu yeyote katika historia ya Ranji, mpaka Wasim Jaffer akampita. Timu ya taifa? Sufuri. Hata mechi moja ya siku moja hawakumpa, na hapo kusema kweli wateuzi sijawaelewa mpaka leo. Kuwa nyuma ya Dravid kwenye Test naweza kukubali. Kutojaribiwa hata mara moja ni kitu kingine.

Ndiyo maana neno "kungoja" linanikera. Mtu kwa foleni hafanyi kitu, anaangalia tu kisogo cha aliye mbele. Huyu alikuwa kazini. Sisi huku tunajua tofauti: kuna kutarmac, na kuna kufanya kazi nzuri ambayo mkubwa haioni. Ya pili nadhani inauma zaidi, lakini angalau kuna kitu umejenga. Msimu wa 2006-07 alikuwa nahodha wa Mumbai. Walianza vibaya, wakawa mkiani, halafu wakapanda mpaka fainali dhidi ya Bengal iliyokuwa na Ganguly. Kwenye hiyo fainali Tendulkar alicheza chini ya Amol, akapiga 105. Mumbai wakachukua kombe. Hiyo si ya mtu anayengoja maisha yaanze.

Halafu kuna Kambli, ambaye posti humtaja kama yule aliyebahatika. Aliitwa mapema, akapiga mia mbili kwenye mechi mbili za Test zikifuatana, na Test yake ya mwisho ilikuwa 1995, akiwa na miaka 23. Mechi 17 tu, wastani 54. Mlango alifunguliwa, na bado.

Fainali ya wanawake ya 2 Novemba 2025 mnaijua. India walikuwa wamepoteza mechi tatu mfululizo kwenye makundi, wakaifukuza 339 ya Australia kwenye nusu fainali wakaipata, kisha wakaifunga Afrika Kusini kwa mikimbio 52 pale Navi Mumbai. Nahodha Harmanpreet Kaur akainama akamgusa kocha miguu, heshima ya kwao. Nilifurahi kama kila mtu. Ila hilo kombe ni la wale wanawake, na halilipi deni la mtu wa 1996. Kazi ya ukocha aliipata 2023 kwa sababu alikuwa anajua kazi.

Kama ningeulizwa niweke picha gani kwenye hizo posti, ningeacha ya pedi na ya kombe. Ningetafuta ya 2009, alipoondoka Mumbai akaenda kuchezea Assam, mbali huko kaskazini mashariki, anakaribia miaka 35. Msimu huo Tendulkar alipiga 200, ya kwanza kwa mwanaume kwenye mechi ya siku moja ya kimataifa. Amol alikuwa Assam, anapiga.