Chujio Lililo Hai

Msomaji wangu, ukiwatazama samaki wa baharini wakielea nyuma ya kioo, waweza kudhani kwamba kazi ya mfugaji ni kuwapa chakula tu. Sivyo. Kazi yake kubwa ni kuyatunza maji, na elimu hiyo haikupatikana kwa siku moja.

Mwaka 1850 mwanakemia Mwingereza, Robert Warington, alieleza jinsi samaki, mimea na konokono wanavyoweza kuishi katika chombo kimoja bila kubadilishiwa maji. Mwaka 1853 ikafunguliwa London, katika bustani ya wanyama ya Regent's Park, nyumba ya kwanza ya kuonyesha umma viumbe wa majini. Lakini matangi ya siku zile yalikuwa na adui wawili: jua lilipozidi, maji yaligeuka kijani; na maji yalipotulia kwa joto, samaki walikosa hewa.

Ndipo akatokea William Alford Lloyd. Katika Crystal Palace, mwaka 1871, matangi yake yalipokea maji kutoka hodhi kubwa lililofichwa gizani. Pampu za mvuke ziliyazungusha maji usiku na mchana. Giza lilizuia mwani, na mwendo uliyatia maji hewa.

Hata hivyo, siri moja ilikuwa haijafumbuliwa. Mwaka 1890 na 1891 Sergei Winogradsky, mwanasayansi wa Urusi, alionyesha kwamba bakteria fulani hugeuza amonia kuwa nitriti, na wengine hugeuza nitriti kuwa nitrati. Amonia hutoka katika uchafu wa samaki, nayo ni sumu kali kwao. Nitrati si kali kiasi hicho. Basi chujio si kitambaa cha kuzuia taka tu, bali ni makao ya viumbe hai.

Sasa tuseme maji ya tangi lako yametibuka. Usikimbilie kuosha kila kitu. Haraka haraka haina baraka. Kwanza utazame mwendo wa maji. Ukiwa umepungua, chunguza pampu na mabomba, kwani chumvi iliyoganda na mwani huyaziba. Pili, jiulize kama umeme ulikatika. Chujio lililofungwa likikaa saa nyingi bila maji kupita, bakteria hukosa oksijeni na kufa. Usiyarudishe maji hayo kwa samaki. Tatu, kumbuka lilioshwaje. Maji ya bomba yenye klorini huua bakteria, na samaki waweza kufa kwa amonia ilhali chujio linang'aa. Lioshe kwa maji yaliyotolewa katika tangi lenyewe, tena sehemu kwa sehemu. Amonia ikipanda, punguza chakula na ubadilishe sehemu ya maji kwa maji ya chumvi yaliyo safi.

Unaona, msomaji, kwamba Warington, Lloyd na Winogradsky wanakusaidia hata leo. Mwenye kujua kazi ya kila kitu hutengeneza. Asiyejua huharibu akidhani anasafisha.