Mtaro Uliotangulia Nyumba

Kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa mwaka 1974, Serikali ya Tanzania iliandaa viwanja vya Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, jijini Dar es Salaam. Dola ingeleta barabara, maji ya bomba na mitaro. Mwananchi angejijengea nyumba. Mtaro, basi, uliitangulia nyumba, na kwangu huo ndio urithi mkubwa wa mradi ule. Leo mwenye kiwanja humwaga kifusi, huinua msingi, kisha hujenga ukuta juu ya mtaro wenyewe. Masika yakifika, maji yake huingia sebuleni kwa jirani. Mwakani jirani naye huinua wake. Katika michoro ya nyumba ninayoonyeshwa, vyumba vyote vimehesabiwa. Mshale wa kuonyesha maji ya mvua yataelekea wapi ni nadra kuuona.