Generals wa Oshawa: Timu Iliyolelewa na Mji Wake

Oshawa Generals, timu yetu ya vijana ya hoki ya barafu, inakaribia kutimiza miaka 90, na wenzangu wa jukwaani wamenitaka niandike historia yake kwa Kiswahili. Wanataka watoto wetu waliozaliwa huku Ontario wajue wanachokishangilia, na ndugu zetu walioko Mombasa, Tanga na Bukavu waelewe kwa nini jioni za mechi hatupatikani kwenye simu. Kazi hii nimeipokea kwa moyo mmoja. Nikisahau jina la mtu, anisamehe. Waliotenda mema ni wengi kuliko kurasa nilizopewa.

Kwanza niwaweke sawa wageni wa mchezo huu. Vijana wanaocheza ligi yetu ya Ontario wana umri wa miaka 16 hadi 20. Ni umri wa kidato cha tatu na kuendelea, na wengi wao wameondoka kwao kwa mara ya kwanza. Bingwa wa Ontario hutwaa Kombe la J. Ross Robertson, kisha hukutana na mabingwa wa kanda nyingine za Kanada kuwania Memorial Cup. Kombe hilo lilianzishwa mwaka 1919 kuwakumbuka askari wa Kanada waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza. Msomaji alishike hilo, maana tutalirudia.

Chimbuko

Mji wa Oshawa uko ufukweni mwa Ziwa Ontario, mashariki ya Toronto. Mwaka 1876 Robert McLaughlin alihamishia hapa karakana yake ya magari ya kukokotwa na farasi. Mwaka 1907 mwanawe Sam akaingia katika magari ya injini, na mwaka 1918 biashara hiyo ikawa General Motors ya Kanada. Tangu hapo mji na kiwanda vikawa chanda na pete. King'ora cha kubadilisha zamu ndicho kilichokuwa saa ya mji.

Vijana walikuwa wakicheza hoki hapa miaka mingi kabla, kwa majina tofauti tofauti. Lakini timu tunayoisherehekea ilizaliwa mwaka 1937, General Motors ilipoibeba kama mdhamini. Jina halikuhitaji kikao: Generals. Rangi zikawa nyekundu, nyeupe na bluu. Baba akitoka zamu alikwenda uwanjani na ovaroli yake kumtazama mtoto wa mwenzake, naye mtoto akijua kwamba jukwaa zima linamjua baba yake kwa jina.

Miaka saba ya neema

Kilichofuata hakijawahi kurudiwa. Kuanzia 1938 hadi 1944 Generals walitwaa ubingwa wa Ontario mara saba mfululizo. Saba! Kila mwaka wachezaji waliotimiza umri waliondoka, wakaja wengine wageni kabisa, na kombe halikuhama mji.

Fainali ya kwanza ya Memorial Cup, mwaka 1938, tulifungwa na St. Boniface Seals wa Manitoba katika mechi ya tano na ya mwisho. Kushindwa kule kuliwafunda vijana wetu. Mwaka 1939 waliwashinda vijana wa Edmonton, na mwaka 1940 wakawashinda Kenora Thistles, wakawa mabingwa wa Kanada mara mbili kwa mkupuo. Kocha alikuwa Tracy Shaw, na nyota wa 1939 alikuwa Billy Taylor, kijana mwembamba mwenye fimbo iliyotii kila alichoiambia. Maisha yake ya baadaye katika NHL, ligi kuu ya hoki ya kulipwa, yalipigwa na mawimbi mazito, lakini Oshawa tunamkumbuka kwa furaha aliyotupa.

Msimu wa 1941–42 alicheza hapa Bep Guidolin, ambaye Boston Bruins walimchukua akiwa na miaka 16 tu, akawa mchezaji mdogo kuliko wote waliowahi kucheza NHL. Jina hili nalo tutakutana nalo tena mbele.

Mwaka 1942 na 1943 tulifika fainali ya taifa na kukosa. Mwaka 1944, chini ya kocha Charlie Conacher, aliyekuwa mfungaji wa kutisha enzi zake na Toronto Maple Leafs, tuliwafunga Trail Smoke Eaters mechi nne kwa bila. Kikosini walikuwamo Floyd Curry na Bill Ezinicki, na kwa utaratibu wa siku zile wa kuongeza nguvu, tuliwaazima Ted Lindsay na David Bauer kutoka St. Michael's ya Toronto. Lindsay alikuja kuwa mmoja wa wakubwa wa mchezo huu. Bauer akawa padri, kisha mlezi wa timu ya taifa ya Kanada. Walikaa nasi kwa muda mfupi, lakini tunawahesabu kuwa wetu.

Red Tilson

Hapa naomba msomaji atulie kidogo.

Albert Tilson, aliyeitwa Red, alitoka Regina, mbali sana magharibi, akaja kuvaa jezi yetu. Msimu wa 1942–43 aliongoza ligi nzima kwa pointi. Kisha akavua jezi ya Generals akavaa sare ya jeshi, na mwaka 1944 akauawa vitani Ulaya akiwa na miaka 20. Mwaka huohuo wenzake walitwaa kombe ambalo liliwekwa kwa ajili ya vijana kama yeye.

Tangu msimu wa 1944–45, mchezaji bora wa ligi ya Ontario hupewa tuzo yenye jina la Red Tilson. Vijana wa miji yote, hata wa timu tunazozizomea, hupanda jukwaani kupokea jina la mtoto wa Oshawa. Nazijua heshima nyingi katika michezo. Sijaiona inayoizidi hiyo.

Moto

Septemba 1953, msimu mpya ukiwa mlangoni, uwanja wetu, Hambly Arena, uliteketea kwa moto. Timu ya hoki isiyo na barafu ni kama jahazi lisilo na bahari. Wachezaji walitawanywa kwenye timu nyingine, na jina la Generals likafungiwa kabatini kwa miaka tisa. Wako watu wa Oshawa waliokua, wakaoa, wakapata kazi kiwandani, bila kuwahi kuiona timu ambayo baba zao waliisimulia kila Jumapili mezani. Mengi yalisemwa kuhusu nani angefanya nini kuirudisha. Yote yamepita, na timu ilirudi.

Kijana wa Parry Sound

Aliyeirudisha ni Wren Blair, kwa niaba ya Boston Bruins, na sababu kubwa ilikuwa mtoto mmoja.

Mwaka 1961 wakubwa wa Boston walikwenda mji mdogo wa Gananoque kuwatazama wavulana wawili katika mashindano ya watoto. Wale wawili walisahauliwa mara moja. Kila jicho lilimfuata beki mdogo kuliko wenzake, mwenye nywele fupi, aliyekaa na kisahani kinachochezewa hoki muda wote kana kwamba kimefungwa kwenye fimbo yake kwa uzi. Alikuwa Bobby Orr wa Parry Sound.

Blair alianza safari za kwenda kwao. Alikunywa chai na wazazi, akarudi, akaenda tena, kama mshenga anayejua kwamba posa haikubaliwi siku moja. Kijana aliposaini, Boston walikubali, pamoja na mengine, kulipia lipu mpya ya kuta za nje za nyumba ya wazazi wake. Mchezaji ambaye wengi wanamwita bora kuliko wote waliowahi kucheza alianza kwa ukuta kupigwa lipu. Kila nikiwasimulia watoto kisa hiki huangaliana kama wanaosikia hekaya.

Mwaka 1962 Generals walizaliwa upya, na Orr akaanza kuwachezea akiwa na miaka 14, dhidi ya vijana wa miaka 18 na 20. Mama yake alimkataza kuhama nyumbani mapema hivyo. Basi msimu ule wote hakufanya mazoezi na wenzake: aliletwa kwa gari kila mwisho wa wiki, mwendo wa saa kadhaa katika theluji, akacheza, akarudishwa shule. Misimu iliyofuata alifunga mabao 29, kisha 34, kisha 38. Na alikuwa beki!

Uwanja bado haukuwepo. Timu yetu ilicheza mechi zake za nyumbani ugenini, Toronto na Bowmanville. Ndipo mji ukasema basi. Watu walichanga, wafanyakazi na wenye maduka, wenye nacho na wenye kidogo, na Desemba 1964 Civic Auditorium ikafunguliwa. Kwetu pwani tungesema ni harambee. Timu ambayo kiwanda kiliwapa wananchi mwaka 1937, safari hii wananchi walijipa wenyewe.

Mwaka 1966, kocha akiwa Bep Guidolin yuleyule, tulitwaa Ontario na kufika fainali ya taifa dhidi ya Edmonton Oil Kings. Orr alikuwa ameumia kinena na akavaa jezi hivyohivyo. Tulishindwa mechi nne kwa mbili. Wazee waliokuwepo hawazungumzii matokeo. Wanazungumzia jinsi alivyojikokota kurudi kulinda lango.

Nilichokiona mimi

Mimi nilifika mwaka 1987, mtu wa Mombasa niliyeijua barafu kwa kazi moja, ya kuhifadhia samaki. Mwenzangu wa kazini alinipeleka Civic. Mashine ya kulainisha barafu ilikuwa imemaliza mzunguko wake, na juu ya uwanja kulibaki utando wa maji uliong'aa kama sakafu ya msikiti iliyooshwa. Taa zikawaka zote. Vijana wakatoka mlangoni mmoja mmoja, na vyuma vya viatu vyao vikaikata ile barafu mpya kwa sauti ya doti ya kanga inayochanwa katikati. Sikujua kanuni hata moja. Nilijua kwamba nitarudi.

Mwaka ule tulikuwa mabingwa wa Ontario na wenyeji wa Memorial Cup, na fainali ilichukuliwa na Medicine Hat Tigers. Tulitoka kimya, na mzee mmoja tusiyejuana akanigawia kahawa yake ya chupa. Nikawa mwenyeji.

Hatua za karibuni

Nafasi inaniishia, kwa hiyo yaliyobaki nayataja kwa ufupi:

1983: Ubingwa wa Ontario chini ya kocha Paul Theriault. Fainali ya taifa ilichukuliwa na Portland, timu ya kwanza ya Marekani kutwaa kombe hilo.

1990: Memorial Cup ya nne, Hamilton, dhidi ya Kitchener Rangers, 4–3 katika kipindi cha pili cha nyongeza, bao la Bill Armstrong. Eric Lindros alikuwa amejiunga nasi katikati ya msimu. Bei yake ilizua maneno, kombe likayamaliza. Kikosini alikuwemo Fred Brathwaite, kipa mweusi aliyefika hadi NHL. Watoto wetu walimtazama kwa jicho la pekee.

1991: Lindros apata Tuzo ya Red Tilson akiwa na pointi 149.

1997: Ubingwa wa Ontario.

2005: John Tavares aruhusiwa kuingia ligi kabla ya umri, wa kwanza kwa kanuni mpya. Msimu wa 2006–07 alifunga mabao 72, akapita rekodi ya Wayne Gretzky ya mabao 70 kwa mchezaji wa miaka 16, na akatwaa Tuzo ya Tilson. Alipohamia timu ya London, ile ya hapa Ontario, mwaka 2009 tulimwombea heri.

2006: Kuhamia uwanja mpya katikati ya mji, wenye viti zaidi ya 5,000, ambao leo unaitwa Tribute Communities Centre.

2008: Namba 2 ya Orr na namba 88 ya Lindros zastaafishwa.

2015: Memorial Cup ya tano, mjini Quebec, 2–1 dhidi ya Kelowna Rockets katika muda wa nyongeza. Mabao yote mawili ni ya Anthony Cirelli. Kocha D.J. Smith, nahodha Josh Brown.

2019–2021: Miaka ya subira. Kiwanda kilisimamisha kuunda magari Desemba 2019 na kurejea Novemba 2021. Katikati yake korona ilifuta msimu mzima wa 2020–21. Mji na timu vilisimama tena pamoja.

2024 na 2025: Fainali mbili za Ontario mfululizo, zote dhidi ya London. Kombe halikuja, nasi tunajua kusubiri.

Kwa jumla: makombe 13 ya Robertson, idadi ambayo hakuna timu nyingine imeifikia, na Memorial Cup tano.

Shukrani

Nisipowataja watu wa nyuma ya pazia nitakuwa nimewadhulumu. Wachezaji wetu hulala kwenye nyumba za familia za mji zinazowapokea kama wana. Jirani yangu amewalea wengi. Mmoja wao, mrefu kiasi cha kuinama mlangoni, alizoea kuvuka barabara kuja kula pilau kwetu siku za mapumziko, na mke wangu akamwita mwanangu hadi alipoondoka. Hakufika NHL. Alirudi shule, na kila mwaka hutupigia simu. Naye ni historia ya Generals.

Juzi mjukuu wangu, akiwa amekaa magotini pangu, alinyoosha kidole juu kwenye dari, kwenye ile namba 2, akauliza ni ya nani. Nikaanza kumwambia Bobby Orr, nikajisahihisha. Nikamwambia: tuanzie mbali kidogo, mjukuu wangu. Hapa mjini palikuwa na uwanja, ukaungua.