Sumu ya Mshale, Kidonge cha Kila Siku: Tiba ya Moyo Kandokando ya Ziwa Victoria

Mwanzoni mwa mwaka 1929, jarida la The Lancet la London lilichapa makala fupi ya daktari wa Kiingereza, C. P. Donnison, aliyekuwa akitibu watu Kisii, upande wa mashariki wa Ziwa Victoria. Alikuwa amewapima presha Waafrika wapatao 1,000, na katika miaka miwili alikuwa amewaona wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa hospitalini kwake. Hakumpata hata mmoja mwenye ugonjwa wa presha. Tena alieleza kwamba presha ya wazee wa huko haikupanda na umri kama ilivyokuwa Ulaya. Baada ya miaka 40 ilielekea kushuka.

Miaka 80 baadaye, kusini mwa ziwa hilohilo, madaktari wa Hospitali ya Rufaa ya Bugando jijini Mwanza waliwafuatilia watu wazima zaidi ya 11,000 waliolazwa hapo kwa muda wa miaka mitatu. Matokeo yalitoka mwaka 2013, na aliyeongoza utafiti alikuwa Robert Peck, daktari wa Kimarekani aliyefanya kazi Bugando kwa miaka mingi. Presha na madhara yake, yaani kiharusi, moyo kushindwa kufanya kazi na figo kuharibika, vilikuwa chanzo cha pili cha vifo. Kilichotangulia ni Ukimwi peke yake.

Umri wa mtu mmoja unatosha kuziunganisha taarifa hizo mbili. Mtoto aliyezaliwa Ukerewe mwaka ule wa Donnison angeweza kulazwa Bugando akiwa mzee, miguu imevimba na pumzi imekata. Naieleza historia hii kwa sababu inanikera. Elimu ya moyo ilifika ziwani mapema, na sehemu yake ilitoka huku kwetu. Matunzo ya mgonjwa akishatoka wodini ndiyo yaliyochelewa, na bado yanachelewa.

Elimu hiyo ina umri mkubwa kuliko hospitali. Wahadzabe, wanaoishi kuzunguka Ziwa Eyasi, jirani na nchi ya Wasukuma, hutengeneza sumu ya mishale kutokana na Adenium na mmea mwingine ambao wanasayansi wanauita Strophanthus eminii. Jina hilo la pili linamkumbuka Emin Pasha, tabibu wa Kijerumani aliyeanzisha boma la Bukoba mwaka 1890. Sumu ya mimea hiyo humaliza mnyama kwa kuuvuruga moyo wake hadi usimame. Kusini zaidi, kwenye bonde la Mto Shire, ndugu wa mmea huo aliitwa kombe. John Kirk, tabibu wa msafara wa Livingstone wa Zambezi na baadaye mwakilishi wa Uingereza Zanzibar, aliweka mswaki wake mfuko mmoja na sumu hiyo. Alipoutumia aliona uchungu mdomoni, na alipojipima mapigo akakuta yamepungua mwendo. Sampuli zilifika Edinburgh, ambako Thomas Fraser alitoa ndani yake kemikali ya strofantini, na mwaka 1906 Albert Fraenkel alianza kuwachoma wagonjwa wa moyo huko Strasbourg kwa sindano ya mshipani. Jina la Kirk limo vitabuni. Wawindaji waliojua kipimo cha kumwangusha nyati hakuna aliyewaandika.

Ulaya ilikuwa na mmea wake. Mwaka 1785 William Withering, daktari wa Birmingham, alieleza jinsi majani ya Digitalis yalivyowatoa maji watu waliovimba. Kutoka mimea ya jamii hiyo ikaja digoksini, ambayo bado hutolewa Mwanza hadi leo. Digoksini na sumu ya mshale hufanya kazi kwa njia moja: huziba pampu ya chumvichumvi kwenye seli za moyo, kalisi ikaongezeka ndani ya seli, na moyo ukapiga kwa nguvu zaidi na polepole zaidi. Kiasi kikizidi kidogo tu, mapigo yanavurugika. Utafiti mkubwa wa mwaka 1997 ulionyesha kuwa digoksini hupunguza kulazwa lakini haipunguzi vifo, na hapo ndipo heshima yake ya miaka 200 ilipoanza kushuka.

Mapigo nayo yalihitaji macho mapya. Mwanzoni mwa karne ya 20, huko Leiden, Willem Einthoven aliunda mashine ya kuchora umeme wa moyo. Ilikuwa na uzito wa kilo 270 hivi, iliendeshwa na watu watano, na mgonjwa alitumbukiza mikono na mguu katika ndoo za maji ya chumvi. Leo muuguzi anaibeba kwapani. Mjapani Sunao Tawara, akiwa Marburg, alieleza mwaka 1906 njia ambayo umeme huo hupita kutoka vyumba vya juu vya moyo kwenda vya chini. Na tarehe 8 Oktoba 1958, jijini Stockholm, daktari Åke Senning na mhandisi Rune Elmqvist walimwekea Arne Larsson kifaa cha kwanza cha kusukuma mapigo kilichozikwa mwilini, ambacho watu wetu hukiita betri ya moyo. Kile cha kwanza hakikudumu hata siku moja. Larsson alibadilishiwa vifaa mara nyingi na akaishi hadi 2001.

Wakati hayo yakitokea, utabibu wa kanda ya ziwa ulikuwa ukitazama minyoo, kichocho, matende na malale. Serikali ya kikoloni ilipoanzisha kituo cha utafiti wa afya Mwanza mwaka 1949, kazi yake ilikuwa hiyo, na ilikuwa kazi ya lazima. Moyo ulitazamwa zaidi Kampala. Mwaka 1948 Jack Davies, mwanapatholojia wa Makerere, alieleza ugonjwa aliouona akipasua maiti katika hospitali ya Mulago: utando wa ndani wa moyo umegeuka kovu gumu, chumba cha moyo kimejaa nyama isiyotanuka, tumbo la marehemu limejaa maji. Ugonjwa huo umeandikwa katika vitabu vya udaktari duniani kote. Chanzo chake hakijajulikana mpaka leo.

Je, presha iliyokosekana Kisii ilitoka wapi? Jibu zuri kuliko yote lilipatikana ziwani. Katika miaka ya 1980 Neil Poulter na wenzake waliwafuatilia vijana wa Kijaluo waliotoka vijiji vya kandokando ya ziwa, magharibi mwa Kenya, kwenda kutafuta maisha Nairobi, na wakawalinganisha na waliobaki nyumbani. Ndani ya mwezi mmoja tu presha za wahamiaji zilikuwa juu ya zile za wenzao. Mkojo wao ulionyesha chumvi nyingi na potasiamu kidogo, uzito umeongezeka, mapigo yameenda kasi. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990. Damu ya vijana hao ilikuwa ileile ya baba zao. Kilichobadilika ni chakula na maisha. Mwanza nayo ilikuwa inageuka jiji katika miaka hiyohiyo, na viwanda vya sangara vikavuta watu kutoka kila wilaya.

Bugando ilifunguliwa mwaka 1971 juu ya kilima chake, imejengwa na Kanisa Katoliki. Mwaka uliofuata serikali ikaichukua, na mwaka 1985 ikairudisha kwa Kanisa kwa makubaliano ya kuiendesha pamoja. Mtu wa Kagera, Mara, Shinyanga au Geita aliyeshindikana kwao hupelekwa huko. Mpaka Juni 2025, aliyetoka Geita au Sengerema alisubiri kivuko Busisi, pumzi ikimbana, mpaka lilipofunguliwa daraja la kilometa tatu la Kigongo–Busisi. Wa Ukerewe bado anangoja kivuko.

Akifika, uchunguzi huanza kwa vitu vidogo. Daktari anabonyeza kidole gumba juu ya muundi, anahesabu taratibu, kisha anakiondoa. Shimo likibaki, ni maji. Anauliza: unalalia mito mingapi? Anatazama mshipa wa shingo, anasikiliza mgongoni, anaomba kipimo cha eko kuona moyo unasukuma kiasi gani. Dawa zilizopo ni nzuri kupita zote zilizowahi kuwapo. Enalaprili ilithibitishwa na utafiti wa nchi za Skandinavia mwaka 1987. Dawa za kundi lake zilitokana na uchunguzi wa sumu ya nyoka wa Brazili. Dawa za kupunguza kasi ya moyo, ambazo kwa miaka mingi zilionekana hatari kwa moyo dhaifu, zilitetewa tangu 1975 na Finn Waagstein wa Gothenburg mpaka dunia ikakubali. Spironolaktoni ilipunguza vifo kwa asilimia 30 katika utafiti wa 1999. Tangu 2019 imeongezeka dawa ya kisukari iliyoonekana kuusaidia moyo hata wa asiye na kisukari.

Pamoja na hayo yote, utafiti mwingine wa Bugando, uliotoka 2017, ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya waliolazwa kwa moyo kushindwa walikuwa wamefariki ndani ya miezi 12. Hao si wazee waliochoka. Katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, Abel Makubi na wenzake waliwachunguza wagonjwa 427 wa aina hiyo na kukuta wastani wa umri wao ni miaka 55. Presha ndiyo iliyokuwa chanzo kikuu, na mshipa wa moyo kuziba, ugonjwa unaotawala Ulaya, ulikuwa chanzo cha wachache. Wanaokufa ni wavuvi, walimu, akina mama wenye watoto shuleni.

Sababu zinajulikana kwa kila muuguzi wa kliniki. Akimuuliza mzee wa kisiwani, "Shikamoo babu, dawa ya mkojo umekunywa leo?" hujibiwa, "Mjukuu wangu, ndani ya mtumbwi nitakojolea wapi?" Siku ya safari ya kliniki ndiyo siku ya kuacha dawa. Wengine huacha uvimbe ukiisha, wakiamini wamepona. Wengine pesa imeisha. Wengine nyumbani kitoweo ni kayabo, samaki aliyekaushwa kwa chumvi tele.

Ugumu huzidi mapigo yanapoharibika. Hapa kwetu, mapigo yasiyo na mpangilio mara nyingi humpata mtu mwenye valvu iliyobanwa na homa ya baridi yabisi, ugonjwa unaoanzia koo la mtoto lisilotibiwa kwa penisilini. Damu hutuama kwenye chumba cha juu cha moyo, inaganda, na bonge likiruka kwenda kichwani ni kiharusi cha mtu wa miaka 30. Anahitaji warfarini, na warfarini inahitaji damu ipimwe mara kwa mara. Hata mboga ina neno: mchicha na matembele mengi wiki hii, kidogo wiki ijayo, na kipimo kinayumba. Ilitarajiwa kwamba dawa mpya zisizohitaji kipimo zingewakomboa wagonjwa hawa. Utafiti wa INVICTUS, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 4,500 wa nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini, ulionyesha mwaka 2022 kuwa waliotumia dawa mpya ya rivaroksabani walikufa wengi kuliko wa warfarini. Kwa hiyo kipimo cha damu lazima kiwafuate wagonjwa waliko.

Upasuaji na betri za moyo vimesogea. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2015 chini ya Mohamed Janabi, imepunguza sana safari za India. Bugando ilimpeleka Godwin Godfrey Sharau kusomea upasuaji wa moyo wa watoto Israel, akarudi kuwapasua watoto hapahapa nchini. Nawaheshimu mno. Hata hivyo aliyewekewa valvu Dar es Salaam hurudi Magu au Nansio, na huko ndiko warfarini inakohitajika kila jioni.

Nchi hii imekwisha kufanya kazi ya namna hiyo. Tangu 2004 kliniki za Ukimwi zimewapa watu dawa za kila siku bila malipo, kwa kadi, kwa tarehe ya kurudi, na kwa wahudumu wanaompigia simu au kumfuata nyumbani asiyeonekana. Utafiti wa Peck wa mwaka 2014 katika vituo vya afya vya kanda ya ziwa ulikuta zahanati zilizokuwa tayari kumhudumia mgonjwa wa Ukimwi mara nyingi hazikuwa na dawa wala mafunzo ya kumhudumia wa presha. Jengo lipo, muuguzi yupo, daftari la kuwafuatilia wagonjwa lipo. Waongezewe mashine ya presha, enalaprili, kavediloli, spironolaktoni, dawa ya mkojo na kipimo cha warfarini cha tone la kidoleni, na mgonjwa wa moyo apewe kadi na tarehe yake kama mwenzake.